Somo: kigoda cha mbao za mashua kuukuu na tyubu za bodaboda

Wadau, niliahidi hili tangu wiki iliyopita. Hapa Bagamoyo mashua ikishachoka mwenyewe anaibomoa, mbao zinaishia kuwa kuni za kukaangia samaki, mi nazinunua kabla hazijafika jikoni. Ila chombo kilicholala mchangani usikiguse, kina mwenyewe hata kama kimeoza nusu.

Kwanza chagua. Mataruma, zile mbavu za ndani ya chombo, ndo mali, yameshapinda yenyewe, yanafaa miguu. Ubao wenye vitundu vya wadudu wa baharini uchome na patasi, ikizama kama kwenye mkate achana nao. Vitundu vichache ni urembo tu, wale wadudu wakikosa maji wanakufa.

Pili misumari, hapa ndo watu wanalia. Mingine imekatikia ndani na huioni, mi nilijiamini siku moja nikapitisha randa ya umeme, kisu kikapigwa pengo, kazi ikaishia hapo. Sasa nafunga sumaku ya spika mbovu kwenye uzi, naipitisha juu ya ubao taratibuu, ikivutwa naweka chaki, natoboa pembeni nang'oa kwa koleo.

Tatu chumvi. Loweka kwenye pipa wiki nzima, maji ya bomba au ya mvua, badilisha kila baada ya siku mbili, kisha anika kivulini maana juani unapasuka. Nitajuaje imetoka? Nalamba maranda, ndio, nalamba. Ukiruka hii ubao unavuta unyevu na vanishi inabanduka.

Nne unga miguu na fremu kwa gundi, piga msasa, vanishi. Tyubu ioshe na sabuni ya unga, ikate kwa kuzunguka kama unamenya chungwa upate mkanda mmoja mrefu wa sm 3 hivi, suka ukivuta kwa nguvu, mpira ukikaliwa unalegea.

MASWALI

Mdau wa Pangani: Rangi ya zamani niichome au nipige msasa?
Jibu: Vyote hapana dada. Rangi ya chini ya chombo ina sumu, imewekwa ili viumbe wasigande, vumbi wala moshi wake usivute. Mi mbao hizo sizichukui kabisa.

Fundi wa Muheza: Mkuu, kwa nini usisuke na mkonge? Huku umejaa.
Jibu: Unapendeza kuliko mpira, sibishi. Ila kigoda cha barazani kikinyeshewa unaoza, halafu mkonge mpya sio taka fundi wangu, ukipata kamba zilizotumika niite.

Mdau wa Tanga mjini: Na chupa za plastiki je?
Jibu: Inawezekana, wenzetu wa Lamu waliunda jahazi zima la plastiki ya taka na ndala, Flipflopi, mita 9, na 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ila wale wana mashine, wewe usije ukayeyushia kwenye sufuria uani, ule moshi utawaua watoto.

Mdau wa Tanga mjini: Sawa, kigoda bei gani sasa?
Jibu: Mbao karibu bure kaka, nakuchaji misumari.