Orodha kunjuzi zinazofuatana kwenye Excel: ukichagua Karamoja, zije wilaya za Karamoja tu

Daftari la wanachama wa SACCO likijazwa na makarani watatu, Nakapiripirit, wilaya ya Karamoja nchini Uganda, huandikwa kwa namna tatu, na siku ya kuhesabu wanachama Excel huziona kuwa wilaya tatu. Dawa ni karani asiandike, achague kwenye orodha kunjuzi, yaani inayofunguka ukibofya mshale wa seli: kwanza kanda, kisha wilaya za kanda hiyo peke yake.

Fungua shiti mpya, uiite Orodha. Mstari wa 1 ni wa kanda: A1 Ankole, B1 Busoga, C1 Karamoja, D1 West Nile. Chini ya kila kanda panga wilaya zake. Kwa mfano, chini ya Karamoja weka Moroto, Kotido, Abim, Kaabong na Nakapiripirit.

Sasa kila safu ipewe jina. Teua jedwali lote pamoja na vichwa, bonyeza F5, kisha Special, chagua Constants, OK. Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo mambo huharibika. Safu hazilingani urefu, kwa hiyo bila hatua hii seli tupu huingia ndani ya jina. Jina likiwa na seli tupu, na kisanduku cha Ignore blank (kimo ndani ya Data Validation) kina tiki, Excel hukubali chochote, hata “Nakapripiti”. Mshale utauona, orodha utaiona, lakini ulinzi haupo. Seli zikiwa bado zimeteuliwa, bonyeza Ctrl+Shift+F3, acha tiki kwenye Top row pekee, OK.

Nenda kwenye shiti ya wanachama. Tuseme B ni Kanda na C ni Wilaya. Teua B2 hadi B500, fungua Data, Data Validation, chagua List, na kwenye Source andika:

=Orodha!$A$1:$D$1

Kisha teua C2 hadi C500 ukianzia juu, rudia njia ile ile, na kwenye Source andika:

=INDIRECT(SUBSTITUTE(B2," ","_"))

B2 ikiwa tupu, Excel itakuonya kwamba kuna kosa. Bofya Yes, uendelee.

INDIRECT huleta safu yenye jina lililo kwenye B2. SUBSTITUTE, inayogeuza nafasi kuwa _, ipo kwa ajili ya West Nile. Jina la safu haliruhusiwi kuwa na nafasi, hivyo Excel imeliandika West_Nile. Ukiiacha, Ankole itafanya kazi vizuri ila West Nile mshale hautafungua kitu.

B2 iandike kwa mkono, usiibofye. Ukiibofya, Excel huweka $B$2, na mistari yote hufuata kanda ya mstari wa 2: mwanachama wa Busoga kwenye mstari wa 40 anapewa wilaya za Ankole.

Kuna mambo mawili ambayo orodha hizi haziyazuii. Karani akibadili kanda baada ya kuchagua wilaya, wilaya ya zamani hubaki pale pale. Vilevile, kinachobandikwa kutoka kwingine hakikaguliwi. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kutuma faili, bofya kishale kilicho kando ya Data Validation, uchague Circle Invalid Data: seli zisizolingana ambazo bado zina Data Validation zitazungushiwa duara jekundu.

Wilaya mpya usiiongeze mwishoni mwa safu, kwa kuwa jina halitaifikia. Bofya wilaya iliyo katikati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Insert, kisha Shift cells down, uandike hapo.