Amsterdam: usiende Negen Straatjes Jumatatu asubuhi

Ukifika Amsterdam, usiishie uwanja wa Dam na umati wake. Tembea dakika chache kuelekea magharibi hadi De Negen Straatjes, vijitaa tisa vinavyokatiza mifereji ambayo mingi ilichimbwa karne ya 17, kuanzia mfereji wa Singel hadi wa Prinsengracht. Majina yenyewe yananuka ngozi: Huidenstraat ni mtaa wa ngozi mbichi, Runstraat ni wa magome ya mwaloni ya kutengenezea ngozi. Siku hizi ni nguo za mitumba (za bei, si za soko la Karume, Dar) na jibini. Jumatatu maduka mengi hufungua mchana. Beba kadi, wengine hawapokei noti. Na ukisimama darajani kupiga picha ukasikia kengele ya baiskeli, husalimiwi, unafukuzwa.