Namna ya Kutaja Majina ya Mahali Pwani
Ukifika Lamu, sikiliza kwanza jinsi wenyeji wanavyoutaja mji wao: kwao ni Amu, na lahaja yao ni Kiamu, kama vile Mombasa ilivyo na jina la kale, Mvita, lililozaa Kimvita. Katika barua rasmi, andika Lamu na Mombasa. Zanzibar yahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa jina hilo hukusanya Unguja, Pemba na visiwa vidogo. Ukikusudia kisiwa kikubwa peke yake, andika Unguja, kwani kumtenga Mpemba na Zanzibar ni kumvua uenyeji wake. Bara nayo hutegemea msemaji: Mzanzibari hukusudia Tanzania Bara, ilhali mkazi wa Mombasa hukusudia sehemu za ndani za Kenya, ikiwamo Nairobi.