Gari la rimoti la mtumba: namna ya kulikagua kabla ya kutoa pesa

Naulizwa mara kwa mara na watu wa Kampala na wa mikoani kama inafaa kununua gari la rimoti lililokwisha kutumika. Inafaa, lakini kwa masharti mawili: mnunuzi alipime gari kana kwamba halina betri kabisa, na ajue spea zake zitatoka wapi kabla hajaanza kujadili bei. Asiyetimiza masharti hayo atajikuta na pambo la kabatini lililomgharimu kuliko gari jipya.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Gari langu la kwanza lilikimbia vizuri juu ya sakafu ya muuzaji, nikalipa nikiwa na furaha ya mtoto. Jioni ile ile nililiweka kwenye barabara ya murram nyuma ya nyumba. Likaenda kama mita thelathini, likaanza kulia tak-tak-tak, kisha likasimama huku mota ikiendelea kuunguruma. Nilipofungua difu ya nyuma, lile kasha la giya linalogawa nguvu ya mota kwa magurudumu mawili, nilikuta meno ya giya yamelika hadi yamekuwa mviringo, na grisi imechanganyika na vumbi jekundu ikawa kama ugolo uliolowa. Muuzaji hakunidanganya. Sikumuuliza kitu, wala sikuligusa gurudumu hata moja.

Hatua ya kwanza: lijue gari lenyewe

Yako magari ya kuchezea ya watoto na yako magari ya wapenzi wa mchezo huu, na kwa macho yanaweza kufanana sana. Tofauti iko ndani. Katika gari la kuchezea, aghalabu risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na kidhibiti mwendo (kinachoipimia mota umeme) vimo kwenye kipande kimoja cha saketi, usukani unavutwa na kimota kidogo kisicho na namba yoyote, na kikiharibika kimoja hakuna wa kukuuzia kingine. Katika gari la wapenzi, mota imefungwa kwa skrubu zake, sevo ya usukani (kimota kinachogeuza magurudumu) ni kifaa cha peke yake, risiva ni ya peke yake, na kila kipande hadi pini ya gurudumu kina namba ya spea. Hivyo ndivyo yalivyo magari ya Tamiya na Kyosho ya Japani, na ya Traxxas, Losi na Axial ya Marekani.

Kwa hiyo ligeuze gari, usome jina lililochongwa au kubandikwa chini ya chesisi, yaani fremu yake, ulipige picha, uende nyumbani. Tafuta kwenye intaneti kama giya za difu na mikono inayoshika magurudumu kwenye chesisi ya muundo huo bado zinatengenezwa. Muuzaji akikuharakisha kwa kusema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, mwache huyo mtu aje.

Kwa anayeanza ninapendekeza gari la umeme la uwiano wa 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Hili ndilo lenye spea nyingi kuliko mengine, magurudumu ya mengi yake hushikwa na kitako cha pembe sita chenye milimita 12, na beringi zake huwa za vipimo vya kawaida kama 5×11×4 au 5×10×4, ambazo hazihitaji kuagizwa kwa jina la kampuni ya gari.

Hatua ya pili: magurudumu, difu na giya

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu bodi hudanganya na vyuma havidanganyi. Liinue gari likiwa limezimwa, shika gurudumu moja la nyuma kwa vidole viwili na ulitikise huku na huku. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida. Likicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, beringi imekwisha au tundu la mkono wa chesisi limepanuka. Kisha lizungushe gurudumu hilo polepole. La upande wa pili linapaswa kuzunguka kinyume chake, laini, bila kukwama. Vidole vikihisi punje za mchanga, kuna vumbi ndani ya difu. Vikihisi kuruka, kuna jino lililovunjika. Fanya hivyo hivyo mbele kama gari linaendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Baada ya hapo omba liwashwe, uliweke chini huku pua yake imeegemea kiatu chako, ukandamize mafuta kidogo kwa sekunde moja tu. Tairi zikiteleza zote sawa, vizuri. Ukisikia ule mlio wa tak-tak, giya zinarukiana, na si lazima difu iwe imekufa: huenda giya ndogo ya mota imekaa mbali na giya kubwa, au mtu amechanganya giya mbili za ukubwa tofauti wa meno. Fungua kifuniko uangalie. Kosa hilo la mwisho hurekebishwa kwa spea ndogo, na limewahi kunipunguzia bei ya gari zima kwa sababu mwenyewe alidhani limeharibika kabisa.

Angalia pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimelika, gari limefunguliwa na mtu asiye na bisibisi inayofaa. Vikiwa na kutu, limepita majini, na kwa nchi yenye mvua za Machi hadi Mei halafu tena za Septemba hadi Novemba hilo si jambo la ajabu, lakini linakulazimu ufungue kasha la risiva utazame kama kuna alama za kijani kwenye pini. Shokapu zinazovuja ni kazi ya pete za mpira na mafuta ya silikoni tu. Bodi iliyopasuka isikusumbue, maana nyuma yake hubandikwa utepe na safari inaendelea.

Hatua ya tatu: betri na chaja

Betri iliyokuja na gari la mtumba ihesabiwe kuwa imekufa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zile za zamani za nikeli, za volti 7.2, zina seli sita, nazo hazina hatari kubwa. Ubaya wake ni kwamba zikichoka hulipeleka gari dakika tatu badala ya kumi na tano. Betri za lithiamu polima ni habari nyingine. Ile ya seli mbili huandikwa volti 7.4, na ikijaa hufika 8.4, yaani 4.2 kwa kila seli. Ilaze juu ya meza iliyo sawa. Ikibembea kwa sababu tumbo lake limetuna kama kitumbua, usiinunue hata kwa shilingi mia tano, na usikubali kuichaji ili "tujaribu kwanza". Kama haijatuna, pima kila seli kupitia ile plagi nyeupe ndogo inayotoka kwenye betri: seli iliyo chini ya volti 3, au iliyopishana na mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti baada ya kuchajiwa, ni dalili ya kuiacha.

Kuna mtego ambao wengi hawaujui. Vidhibiti mwendo vya zamani vilitengenezwa kwa betri za nikeli na havikati umeme seli inapopungua sana. Ukinunua gari la namna hiyo na kuliwekea betri mpya ya lithiamu, utaiua ndani ya siku moja. Uliza, au tafuta muundo wa kidhibiti, kama kina ukataji wa volti ya chini kwa ajili ya lithiamu.

Chaja nayo isomwe kabla haijachomekwa. Umeme wetu ni wa volti 240. Wa Japani ni 100 na wa Marekani ni 120, na vitu vya mitumba kutoka huko huja na chaja zake. Ikiwa kibandiko kinasema 100–240, huna la kuogopa isipokuwa kutafuta adapta ya plagi ya pini tatu. Ikiwa kinasema 100 au 120 peke yake, itatoa moshi mbele yako. Mimi hupenda chaja zinazokubali pia volti 12, kwa sababu umeme ukikatika unaweza kuzifunga kwenye betri ya gari au ya sola.

Hatua ya nne: rimoti

Rimoti za siku hizi hutumia gigahezi 2.4, na magari mengi hucheza pamoja bila kuingiliana. Za megahezi 27 zinahitaji vipande vidogo vya kristali vinavyopanga masafa, na wawili wenye masafa yaleyale hawawezi kuendesha pamoja. Gari zuri lenye rimoti ya zamani si la kukataliwa, ila bei ya rimoti na risiva mpya itolewe kwenye bei yake. Bila rimoti kabisa ni hivyo hivyo, kwani risiva ya kampuni moja kwa kawaida haisikilizani na rimoti ya nyingine.

Jaribio ambalo silisamehi ni hili: magurudumu yakiwa hewani, zungusha mota polepole kisha uzime rimoti. Mota isimame. Isiposimama, siku betri za rimoti zitakapoisha gari litaendelea kukimbia mpaka likutane na ukuta au na mguu wa mtu. Katika matumizi ya kila siku utaratibu ni kinyume cha jaribio: rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho.

Hatua ya tano: hesabu

Tuseme muuzaji anataka shilingi 400,000. Ongeza betri mpya, chaja kama ya kwake haifai, seti ya beringi, na tairi kama zimekuwa laini kama chupa. Jumla hiyo ilinganishe na bei ya gari jipya la muundo huohuo likiwa limefika mkononi mwako, pamoja na usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Mimi nikiona jumla imepita theluthi mbili ya bei ya jipya, naaga kwa adabu. Kwa gari ambalo spea zake hazitengenezwi tena sipigi hesabu yoyote, isipokuwa ninanunua mawili yanayofanana ili moja liwe ghala la mwenzake.

Maswali ya wasomaji

Swali, kutoka Arua: Mwalimu, salaam. Mwanangu wa kiume anatimiza miaka minane. Nimepata gari sokoni kwa shilingi 60,000, muuzaji anasema ni orijino. Nilichukue?

Jibu: Salaam, mama. Kwa bei hiyo karibu hakika ni la kuchezea, na neno orijino halina maana hapo. Kama linakwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia, na sehemu ya betri haina kutu, mchukulie afurahi; miezi michache ya furaha kwa shilingi 60,000 si hasara. Ila usilipeleke kwa fundi likiharibika, maana utalipa kazi ya bure.

Swali, kutoka Jinja: Binamu yangu amerudi kutoka Uingereza na gari la injini, lile linalotoa moshi. Anataka 150,000 tu. Mbona hukulitaja?

Jibu: Sikulitaja kwa sababu simshauri anayeanza alinunue, kaka. Injini ile ya viharusi viwili haitumii petroli ya kituoni. Hunywa mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo huwezi kumwagiza mtu ayalete ndani ya ndege, kwa kuwa yanawaka. Kama una mahali pa uhakika pa kuyapata, zungusha injini kwa mkono ikiwa baridi: pistoni inapofika juu iwe nzito, kama inang'ang'ania. Ikipita kwa ulaini, silinda imelika na hiyo 150,000 ni bei ya chesisi peke yake.

Swali, kutoka Entebbe: Dada yangu anakuja kutoka London. Anaweza kunibebea betri ya lithiamu?

Jibu: Betri isiyofungwa ndani ya kifaa haiingii kwenye sanduku la mzigo, ibebwe kwenye mkoba wa mkononi, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa visigusane. Kikomo cha kawaida kisichohitaji ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100, na betri ya volti 7.4 yenye miliampea-saa 5,000 ni wati-saa 37. Hata hivyo asome masharti ya shirika lake kabla ya kufunga mizigo.

Swali, kutoka Mbarara: Muuzaji yuko Kampala, anataka nimtumie pesa yote kwa simu kwanza. Picha ni nzuri sana.

Jibu: Picha haina sauti. Mwombe video isiyokatwa akizungusha magurudumu kwa mkono, akiwasha gari, kisha akizima rimoti. Kama una ndugu au rafiki Kampala, mpe ukurasa huu aende nao, na pesa itoke gari likiwa mkononi mwake.

Swali, kutoka Kampala: Gari nililoonyeshwa linasukuma gurudumu moja tu la nyuma, lingine limelala. Ni difu?

Jibu: Huenda, lakini anza na rahisi. Fungua nati ya gurudumu lililolala na uangalie kile kitako cha pembe sita na pini inayopita kwenye shafti. Pini ikiwa imeanguka, au tundu la ringi limekuwa duara, shafti inazunguka peke yake ndani na gurudumu halina habari. Pini ikiwa mahali pake, shika shafti zote mbili na ujaribu kuzizungusha kwa zamu. Ile isiyoshika ndiyo itakayokuambia kama ni kikombe cha difu (kinachoshika kichwa cha shafti) au ni giya zenyewe. Usimwambie muuzaji ulichoona mpaka mmemaliza kuelewana bei.