Namna ya kukadiria muda wa ndege kutoka Lubumbashi hadi Manono

Anayepanda ndege ndogo kutoka Lubumbashi kwenda Manono, katika jimbo la Tanganyika, huambiwa na mmoja kwamba ni saa moja na nusu, na mwingine kwamba ni saa mbili, na huenda wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana ni vema kupiga hesabu mwenyewe kabla ya kumwagiza ndugu akusubiri kiwanjani, na hasa kabla ya kufunga dawa zinazohitaji barafu.

Anza na umbali wa angani, kwani ule wa barabara haumhusu rubani. Uwanja wa Luano, ule wa Lubumbashi, uko digrii 11 na dakika 35 kusini mwa ikweta, na ule wa Manono digrii 7 na dakika 17. Ukitoa, unabaki na digrii 4 na dakika 18, yaani dakika 258. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852, kwa hiyo umbali ni kilomita 478 hivi. Tofauti ya longitudo ni dakika 8 tu, kama kilomita 15 kwa upande, na ukiiingiza katika kanuni ya Pythagoras utaona haiongezi hata nusu kilomita. Kwa Kalemie, iliyo mashariki zaidi, usiiache: hesabu takriban kilomita 110 kwa kila digrii ya longitudo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Digrii 11 na dakika 35 si 11.35, bali ni 11.58, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60. Nimeona daftari ambamo 7.17 ilitolewa katika 11.35, jibu likazidishwa kwa 111, na kilomita 14 zikatoweka bila mwenye daftari kushtuka.

Sasa gawa umbali kwa mwendo. Cessna Caravan, ndege ya injini moja, huenda karibu kilomita 300 kwa saa, na hivyo utapata 1.59, yaani saa moja na dakika 36. Ongeza dakika 15 za kupaa, kuzunguka na kutua. Kisha uangalie upepo, ambao kwa maoni yangu ndio chanzo cha mabishano yote: wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki ukiisukuma ndege kwa kilomita 40 kwa saa, jumla hushuka hadi saa moja na dakika 39 wakati wa kwenda, na ukiipinga vivyo hivyo wakati wa kurudi, hupanda hadi saa mbili na dakika 5.

Kama ndege itatua njiani, jumlisha kila kituo kivyake, pamoja na muda wa kushusha mizigo. Wakati wa masika omba kuondoka asubuhi, kwa sababu mawingu ya radi hujikusanya mchana, na rubani anayeruka kwa kutegemea macho lazima atue kabla ya giza.

Mama yangu mdogo aliwahi kukaa juani tangu asubuhi hadi alasiri, mwavuli mkononi, kwa sababu nilimpa saa ya kufika tukiwa bado tunapima mizigo. Sasa nampigia simu magurudumu yanapoanza kuzunguka, na hesabu yake inaanzia hapo.