SOMO: Namna ya kusoma vitabu vya Napoleon na vita vyake bila kupotea njiani

Wakuu habari. Naandika hili mara moja, maana kila wiki lazima mtu aje inboksi kuniuliza "nianze na kitabu gani cha Napoleon" (yule mtawala wa Ufaransa aliyepigana na karibu Ulaya nzima), na shida wala siyo kitabu, shida ni mpangilio. Mtu anakamata likitabu la kurasa mia nane, akifika pigano la Austerlitz hajui nani anapigana na nani, analitupa.

1. Tafuta ramani ya Ulaya ya miaka ile, siyo ya leo. Ujerumani na Italia zilikuwa hazijawa nchi moja moja, Poland ilishagawanywa ikafutwa.

2. Andika kwenye karatasi uchomeke ndani ya jalada: 1799 anashika madaraka, 1804 Kaizari wa Ufaransa, 1805 anashinda Austerlitz na meli zake zinapigwa Trafalgar, 1808 anaivamia Hispania, 1812 Urusi, 1813 anashindwa Leipzig, 1814 anapelekwa uhamishoni kisiwa cha Elba, 1815 anashindwa mara ya mwisho Waterloo.

3. Anza na kitabu kimoja kifupi kinachoanzia mapinduzi ya 1789. Ukiyaruka mapinduzi hutaelewa ilikuwaje kijana wa kisiwa cha Corsica akawa jenerali na miaka 24.

4. Sasa hapa tulieni, ndipo wengi wanapodanganyika. Napoleon alipopelekwa uhamishoni kisiwa cha St Helena mwaka 1815 alikaa huko mpaka anafariki 1821, na muda wote huo anaongea, wenzake wanaandika. Mmoja wao, Las Cases, akatoa yake 1823, ikauzika sana, na humo Napoleon ni mpenda amani, mkombozi wa mataifa, vita vyote alilazimishwa. Yale ni maelezo ya mshitakiwa anajitetea! Yasome, ila yasome hivyo, na ujue vitabu vingi vilivyofuata vimechota humohumo. Taarifa za jeshi lake nazo ni vilevile, Wafaransa wenyewe walikuwa wakisema mtu fulani ni mwongo kama taarifa ya jeshi. Ile ya 29, ya Desemba 1812, inakiri jeshi limeteketea Urusi, inabebesha baridi mzigo wote, halafu inamalizia kwamba afya ya Mtukufu, yaani Napoleon, haijawahi kuwa nzuri kuliko sasa. Lakini jeshi lilivuka mto Niemen kuingia Urusi mwezi Juni, kwenye joto kali, na kabla theluji haijaanguka lilishapukutika kwa njaa, kuhara, homa ya chawa na watu kutoroka. Mhandisi Minard alichora mchoro mwaka 1869: wanavuka 422,000, wanafika Moscow 100,000, wanarudi 10,000. Angalia ule mstari ulivyokonda wakati wa KWENDA. Kwa hiyo kitabu kikikwambia baridi peke yake ndiyo ilimmaliza, kiwekee alama ya kuuliza. Na idadi ya waliokufa usiichukue kabla hujajua kaihesabu nani, kila upande ulipunguza wa kwake.

5. Chagua pigano moja ulisome kwa pande mbili tatu. Waterloo inafaa sana, maana vitabu vingi vya Kiingereza vinaandika kana kwamba Wellington, kamanda wa Waingereza, alikuwa na Waingereza watupu, wakati wengi kwenye jeshi lake walikuwa Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani, na bila jenerali Blücher na Waprusia wake (Wajerumani wa ufalme wa Prussia) kufika ile jioni mambo yangekuwa mengine.

6. Haiti, iliyokuwa koloni la Ufaransa kule Karibi, usiiruke. Wasifu mwingi unaipa kurasa mbili, na mimi hilo linaniuma. Mwaka 1802 huyuhuyu anayesifiwa kwa sheria zake za Kanuni za Kiraia alirudisha utumwa kwenye makoloni, na tayari alishamtuma Haiti shemeji yake Leclerc na maelfu ya askari. Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa waliojikomboa, akakamatwa kwa hila, akafia gerezani kwenye baridi ya Fort de Joux Aprili 1803. Homa ya manjano na wapiganaji wa Dessalines, aliyeshika uongozi baada yake, wakalimaliza lile jeshi, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa huru, Napoleon mwenyewe hajavaa taji bado. Kitabu cha C.L.R. James cha 1938 kuhusu mapinduzi hayo kitafute popote kilipo.

MASWALI

Swali: Mkuu tupia pdf.
Jibu: Sina. Nenda maktaba.

Swali: Sasa nianze na kipi?
Jibu: Namba 3. Soma kwanza ndugu yangu.

Swali: Unamchafua mtu bure, Napoleon hakuwahi kushindwa kihalali, alisalitiwa tu na baridi ikamkuta.
Jibu: Aspern-Essling, Mei 1809, Archduke Charles wa Austria alimrudisha nyuma mchana kweupe. Theluji iko wapi, msaliti nani? Austerlitz alicheza kama hakuna mwingine, nani kabisha. Somo ni kusoma pande zote.

Swali: Samahani kaka, hivi vita vilifika huku kwetu pwani au vilikuwa vya Wazungu tu?
Jibu: Swali zuri sana hili. Alipokuwa Misri, Januari 1799, Napoleon alimwandikia barua mtawala wa Muscat, huko Oman, na ndani yake barua ya kupelekewa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kule India na adui wa Waingereza. Waingereza wakaidaka. Huyo wa Muscat ni Sultan bin Ahmad, baba yake Seyyid Said ambaye baadaye alihamia Unguja, na tayari 1798 alishatia saini mkataba na Kampuni ya Waingereza ya India kuwazuia Wafaransa. Halafu kuna Isle de France, koloni la Wafaransa, ndiyo Mauritius ya leo. Mashamba yake yalikuwa yakichukua watumwa mpaka Kilwa, na manowari zake zikisumbua meli za Waingereza. Agosti 1810 Wafaransa walishinda Grand Port, pigano pekee la baharini lililoandikwa kwenye lile tao kubwa la ushindi la Paris, Arc de Triomphe. Desemba ya mwaka huohuo Waingereza wakakichukua kisiwa.

Swali: Mimi nasoma Kiarabu, kuna cha kusoma kuhusu hiyo Misri?
Jibu: Dada una bahati. Mtafute al-Jabarti, mwanachuoni wa Cairo aliyekuwepo Wafaransa walipoingia 1798. Analichambua tangazo la Napoleon sentensi kwa sentensi, anaonyesha hata makosa ya sarufi, na bado anaisifu maktaba yao waziwazi. Ukimaliza njoo utusimulie, wengi hapa hatuwezi kumsoma kwa lugha yake.

Swali: Majina yananichanganya, mara Davout mara Duke wa Auerstedt.
Jibu: Mtu mmoja huyo. Napoleon aliwapa majenerali wake vyeo kwa majina ya mapigano, Ney naye ni Duke wa Elchingen baadaye Prince wa Moskowa. Weka orodha nyuma ya ile karatasi ya miaka. Na ukikutana na "18 Brumaire" ni kalenda ya mapinduzi, maana yake 9 Novemba 1799.