Kupima mwendo wa mgonjwa wa goti bandia kwa kihisi cha kiunoni

Saa ya mkononi itahesabu hatua za mgonjwa na kumpongeza, lakini haioni kama mguu mmoja unambebea mwenzake mzigo. Wengi huendelea kuchechemea hata maumivu yakishapungua. Hapa Kisumu ninafanya hivi.

1. Pima kabla ya upasuaji. Goti lililolika limeshaharibu mwendo kitambo. Bila kipimo hicho hutajua kilichobadilika.

2. Funga kihisi chenye aksilerometa (kipima mabadiliko ya kasi) na jairoskopu (kipima mzunguko) katikati ya kiuno, nyuma, kwa mkanda wa mpira ulioshika vizuri. Plasta hubanduka kwa jasho la huku. Kirekodi angalau mara 100 kwa sekunde.

3. Tafuta sakafu tambarare ya mita 14. Mita 2 za mwanzo na 2 za mwisho ni za kushika na kupunguza kasi. Unapima 10 za katikati. Viatu viwe vilevile kila mara, si ndara leo na raba kesho. Andika kama ametumia gongo la kutembelea, na ameanza na mguu upi. Usimwambie "tembea vizuri", maana atakuigizia. Mimi husema, "Mama, twende tu kama unaenda Kibuye sokoni." Arudie mara tatu, akipumzika.

4. Kasi ni rahisi: mita 10 kwa sekunde 12.5 ni mita 0.8 kwa sekunde. Kazi iko kwenye ulinganifu, yaani hatua za kulia na kushoto kufanana. Kila kisigino kikigusa chini, grafu ya kihisi huruka. Pima muda kati ya mruko mmoja na unaofuata, kisha tenganisha kulia na kushoto. Tuseme hatua inayoishia mguu uliopasuliwa ukitua inachukua sekunde 0.66, na inayoishia mzima ukitua 0.60. Tofauti ni 0.06, gawanya kwa wastani, 0.63, upate karibu asilimia 10. Mguu mzima unawahi kutua ili kuupumzisha ule mwingine. Hapo ndipo zoezi la kuhamisha uzito linahitajika, hata kama kasi imepanda.

5. Rudia wiki ya 6 na ya 12 baada ya upasuaji. Akiacha gongo katikati, tofauti inaweza kuongezeka ghafla. Usimtishe, gongo lilikuwa linaificha.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, weka kihisi kando, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.